Nani kasema vizuri havidumu?

Haya asanteni, kaeni tu jamani tuanze, muda umeshaenda. Wazee wangu shikamooni. Vijana mambo vipi. Naona kuna watu humu wanaangaliana maana hili jambo la kuwapenda wasanii wakishakufa wameshanisikia nalo, vijiweni nimeliongea, redioni nimeliongea, mpaka kwenye harusi ya shemeji yangu nimeliongea, na nitaendelea kuliongea mpaka atokee mtu wa kunijibu.

Mnaujua ule msemo wa msibani, vizuri havidumu. Msanii akifa kijana lazima mtu ashike maiki aseme vizuri havidumu, watu waitikie kwa kilio. Juni 2013 Ngwair, yule rapa, anarudishwa kutoka Afrika Kusini, wakamuaga Leaders Club pale Dar, afu akaletwa hapa hapa kwetu akazikwa Kihonda, nyie wa Morogoro mnakumbuka siku ile barabara ilivyojaa. Nilikuwepo, nimelia kama wengine, miaka 30 tu mtu anaondoka, na kwenye mitindo huru, kurapu papo kwa papo, sijaona wa kumfikia hadi leo. Lakini huo msemo niliusikia siku ile labda mara ishirini na kila nikiusikia nafsi inagoma. Maana siku 41 tu kabla yake, tarehe 17 Aprili mwaka ule ule, amekufa Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar. Arobaini ya bibi ndo kwanza imepita! Bibi ambae watu wanamhesabia miaka mia na zaidi, amepiga ngoma na kuimba maisha yake yote, tuzo ya WOMEX, ya muziki wa dunia, kapewa 2005 akiwa ajuza. Sasa yule hakuwa kizuri? Mbona alidumu?

Hilo liwekeni pembeni kwanza nitalirudia. Nataka niwaambie nilichokiona mimi kwa macho yangu, sio cha kusoma.

Kuanzia 1994 nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda za kaseti. Vijana mliozaliwa juzi mtauliza kanda nini, muulizeni baba. Unaleta kanda tupu au unanunua kwangu, unachagua nyimbo, kesho unaifuata. Ukutani nimepanga makava nimeyaandika kwa mkono. Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, kanda zake nilikuwa nazifuta vumbi, na huyo ni mtu yuko hai, yuko Dar, anaweza kupanda basi akaja kunisalimia. Mwaka 1995 akafariki, miaka arobaini na kidogo hivi. Wiki ile nililala kibandani. Deki mbili za kurekodia zinazunguka usiku kucha na kanda tupu zikaniishia nikaenda kuzitafuta Kariakoo. Nikasema sawa, watu wana majonzi.

Mwaka uliofuata Septemba, Tupac, rapa wa Marekani. Amepigwa risasi Las Vegas tarehe 7, amekufa tarehe 13, kwa saa zetu ilikuwa usiku wa kuamkia Jumamosi. Miaka 25. Ile albamu yake ya mwaka ule ilikuwa ndefu haienei kwenye kanda ya dakika 90, kwahiyo nachagua mwenyewe nyimbo za kuweka, na kabla ya hapo wateja walikuwa wanagombana na mimi, mbona umeacha huu, mbona umeweka ule. Alipokufa hakuna aliyegomba tena. Chochote nilichoweka wanachukua, ni cha Pac, kimetosha. Hapo ndo nikaanza kustuka.

Sasa sikilizeni nilichofanya, na nakisema nikiwa na uchungu nacho. Nikachukua kanda za Mbaraka Mwinshehe. Mbaraka mnamjua, mpiga gitaa wa hapa hapa, bendi ya Morogoro Jazz, baadae Super Volcano, jina la sifa Soloist National, kafa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Ilikuwa imepita miaka 17, vijana wanapita tu, miziki ya wazee hiyo. Nikaandika kava upya. Nikachora mstari mweusi pembeni kama tangazo la kifo gazetini, nikaandika Marehemu, nikaweka 1944 hadi 1979. Nyimbo zile zile, kelele za sahani la santuri zile zile, sijagusa kitu. Zikaanza kutoka! Kijana anasimama, anaangalia, anapiga hesabu kwa vidole, anauliza, bro, huyu kafa na miaka 34? Kafaje? Hilo ndo swali la kwanza. Hakuna hata mmoja aliyeanza kwa kuuliza anaimba nini au gitaa linapigwaje, na lile gitaa lilitakiwa liulizwe kabla ya kitu kingine chochote.

Na pembeni ya Mbaraka nilikuwa na kanda ya mzee mmoja mpiga gitaa wa hapa mjini, jina silitaji kwa sasa. Alipiga na bendi zetu miaka ile ile, kidole kilikuwa kinatembea vizuri, na nyimbo zake alirekodi Radio Tanzania kama wengine wote, na mnajua mambo ya wakati ule, ukisharekodi kanda ni ya redio, wewe unabaki kujisikia tu kwenye kipindi. Kila Ijumaa alikuwa anapita kibandani kuniuliza, mwanangu, ile yangu imeenda? Namwambia bado mzee. Sasa siku hiyo amesimama pale pale kajiegemeza kwenye nguzo, akaja kijana, akachukua kanda ya mzee akaigeuza, akaniuliza, na huyu nae keshakufa?

Nikamwambia hapana, yupo.

Akairudisha. Akachukua ya Mbaraka akalipa akaondoka.

Mzee hakusema kitu. Alirekebisha kofia yake akaniambia haya mwanangu Ijumaa ijayo. Mimi ile siku sijawahi kuisahau, na ndo maana nawasumbua nyie mpaka leo. Na niseme na hili kabisa, ile kanda hata ingeuzwa mia yeye asingepata kitu, COSOTA, chombo cha hakimiliki za wasanii, ilikuwa haijaanzishwa, vibanda vyote vilikuwa vinauza jasho la watu na changu kilikuwemo.

Sasa kwanini yule kijana aliirudisha? Nimefikiria miaka karibu thelathini. Jibu langu ni kwamba marehemu hajibu. Mpenzi wa muziki anataka mtu ambae hatamuangusha. Msanii aliye hai kesho atatoa wimbo mbovu, atanenepa, atabadilisha dini, ataonekana na chama usichokipenda, atakuomba kiingilio, atakuja kibandani kwako Ijumaa kuuliza hela. Marehemu yeye ametulia. Na sisi kwa mila zetu marehemu hasemwi vibaya, ni mila nzuri naiheshimu, lakini tumeitoa msibani tumeipeleka kwenye muziki. Ukisema ile beti ya tatu aliilazimisha tu, unaambiwa muache apumzike. Kwahiyo kila alichoimba kinakuwa dhahabu, na ambacho hakuimba ndo almasi kabisa! Kaeni kwenye kijiwe chochote msikilize, kila sentensi inaanza na angekuwepo. Angekuwepo hawa wa sasa wasingefua dafu. Albamu ambayo mtu hakuwahi kuirekodi haina wimbo mbovu hata mmoja, utashindana nayo vipi wewe unaeamka asubuhi kwenda studio?

Mtu ataniambia, wewe unawaonea wivu marehemu, hawa walikuwa na vipaji vikubwa ndo maana tunawapenda. Haya. Twende Kenya. Tarehe 16 Machi 2003, gari linatoka Nakuru, ndani wapo wasanii wawili, yupo E-Sir na yupo Nameless. Gari moja, shoo moja, lebo moja ya Ogopa. Ajali. E-Sir anafariki, miaka 21, albamu ndo kwanza imetoka mwaka ule. Nameless anapona. Wote wawili walikuwa wanapendwa, wote walikuwa moto. Leo ongea na shabiki wa Nairobi wa rika langu kuhusu E-Sir, sauti inabadilika, kanyanyuka kwenye kiti, mfalme, hajatokea mwingine. Muulize Nameless, atakwambia ah huyo ni mtu mpoa, ana nyimbo nzuri. Basi! Mtu kaimba miaka zaidi ya ishirini, kalea familia, kabadilika na muziki ulivyobadilika, kafanya ile kazi ngumu ya kuendelea kuwepo, malipo yake ni mtu mpoa. Sisemi E-Sir hakustahili, alistahili, kiswahili kile na mitindo ile kijana wa miaka 21 ni maajabu. Nauliza tu, hayo mapenzi ya kunyanyuka kwenye kiti, tungekuwa tunampa hata yeye leo angekuwa na miaka arobaini na kitu na nyimbo kumi ambazo sio nzuri? Mi naona tungemwambia apumzike awaachie vijana. Na niambieni nani hapa hajawahi kumwambia hivyo msanii wa miaka arobaini.

Kuna mwingine atauliza swali zuri zaidi, mbona sio kila aliyekufa kijana anakuwa hivyo? Kweli. Na mfano ni wa hapa hapa. Salum Abdallah, wa Cuban Marimba, 1965 kafa kwa ajali ya gari, kijana pia, miaka thelathini na kitu. Bendi yake na Morogoro Jazz ndo walikuwa wapinzani wa mji huu, mji ulikuwa umegawanyika kama Simba na Yanga. Afu miaka 14 baadae na Mbaraka nae anaondoka kwa ajali ya gari. Mji mmoja, vifo vinavyofanana, lakini chukua vijana kumi wa hapa, wa Mbaraka utawapata, wa Salum utahangaika. Sababu ni kwamba mapenzi ya marehemu yanahitaji bidhaa. Mbaraka alikuwa anarekodi Kenya, huko kulikuwa na viwanda vya santuri, sisi hatukuwa na hata kimoja, na alipokufa zikatolewa santuri mfululizo zinaitwa Ukumbusho, volumu moja, mbili, tatu, zinaendelea. Kila moja inakukumbusha kwamba umempoteza, na kila moja ina bei yake dukani. Tupac hivyo hivyo, albamu zake mwenyewe akiwa hai ni nne, alizotolewa baada ya kufa ni sita! Aprili 2012 wakampandisha jukwaani kwenye tamasha la Coachella kule Marekani kwa picha ya mwanga, anatembea anaimba, miaka 15 na zaidi yuko kaburini bado anafanya shoo. Afu mpwa wangu wa 2007, kazaliwa miaka 11 baada ya kifo, ananibishia kwamba Pac yuko Cuba kajificha. Nikamuuliza akitokea kesho ana miaka hamsini na kitu, kipara, kitambi, anaimba mambo ya kodi na wajukuu, utampenda? Akanyamaza. Mpwa hamtaki Pac arudi, anataka aendelee kuwa Cuba.

Nilikuwa na mambo mengine, naona pale mlangoni naoneshwa saa. Hili la miaka 27 niliseme haraka maana kuna mtu ataliuliza, Hendrix, Janis Joplin, Morrison, Cobain, Amy Winehouse, wanamuziki wote hao wamekufa na miaka 27, watu wanaona kuna siri. Hakuna. Jarida la kitabibu la BMJ 2011 lilitoa utafiti wa wanamuziki 1,046 waliowahi kushika namba moja ya albamu Uingereza, 27 haina kilele chochote cha vifo. Watu wanahesabu waliokufa 27 wanaacha waliokufa 26, 31 na 44. La madawa ya kulevya nalo naliruka, linataka siku yake.

Nirudi kwa Bi Kidude nimalizie maana niliahidi. Bibi yule watu walimpenda, lakini angalieni walivyompenda, walisema maajabu, bibi mzee bado anavuta sigara bado anaimba. Yaani hata yeye ilibidi umri wake ugeuzwe kioja ndo tumsikilize. Na Gurumo, mzee Muhidin Gurumo, mwanamuziki wa enzi za bendi ya NUTA Jazz, kastaafu 2013, mwaka ule ule Diamond akampa gari, na nampongeza Diamond kwa hilo toka moyoni kwasababu alimpa mzee yuko hai anaona kwa macho yake. Miezi michache baadae Aprili 2014 mzee kaondoka. Nusu karne ya kazi, na zawadi iliyovuma zaidi ilitoka kwa kijana mmoja, sio kwa sisi maelfu tuliocheza nyimbo zake kila wikiendi.

Haya naambiwa basi. Maswali tutafanya baadae, kwasababu yule mzee wa Ijumaa niliyewaambia ni yule pale mstari wa nyuma mwenye kofia ya kijivu. Mzee wangu samahani sikukuomba ruhusa ya kuisema ile habari. Anakaribia themanini, vidole vinamsumbua kipindi hiki cha mvua lakini kasema nyimbo mbili atapiga. Mafundi, ile amplifaya ndogo washeni, maiki ya kuimbia mshusheni apige amekaa. Na wale mlioshika simu, rekodini, ila mkishaweka mtandaoni andikeni jina lake, atawatajia mwenyewe.