Imekuja? Bado!

ZUHURA: Tumerudi. Mashaka, mbona umekaa upandeupande?

MASHAKA: Da Zuhu, anza kipindi.

ZUHURA: Nimeshaanza. Wasikilizaji, mwenzenu ana plasta kiwikoni. Leo nimepanga mambo matano ya kukagua chaneli zikipotea kwenye dishi, yapo kwenye karatasi hapa. Ila kwanza kiwiko.

MASHAKA: Kiwiko ni bati. Jumatatu usiku nimerudi, nimewasha king'amuzi nipate taarifa ya habari, kinaniandikia hakuna mawimbi. Nabonyeza ya pili yake, inaonyesha safi. Ya tatu, hakuna. Katuni zipo, tamthilia zipo. Habari hakuna, mpira hakuna.

ZUHURA: Ulikuwa umelipia?

MASHAKA: Nyote mnaniuliza malipo! Ningekuwa sijalipia kingeniambia nilipie. Hicho kilisema hakuna mawimbi.

ZUHURA: Hilo lilikuwa la kwanza kwenye karatasi, umelimaliza mwenyewe. Ikawaje?

MASHAKA: Asubuhi nikapanda juu.

ZUHURA: Ngoja. Nusu ya chaneli zinaonyesha, wewe ulipanda kufanya nini?

MASHAKA: Kurekebisha dishi.

ZUHURA: Dishi ambalo linaonyesha.

MASHAKA: Nusu!

ZUHURA: Chaneli zako zote zinatoka pembe moja ya mbingu. Dishi likihama, zote zinaumwa. Haliwezi kuikimbia taarifa ya habari likabaki na katuni.

MASHAKA: Leo najua. Siku ile nilichojua ni spana namba 13. Nikalegeza nati, dishi likainamisha kichwa kama mtu anayesinzia kwenye daladala. Mke wangu huko chini: "Zimeondoka zote!"

ZUHURA: Sasa ndiyo ukawa na kazi ya kweli.

MASHAKA: Kwangu si unapajua? Sebule iko mbele, dishi liko nyuma, juu ya choo. Mama Junior kwenye tivii, Junior mlangoni, Mwanaidi uani. Nasema "imekuja?" Mwanaidi anampa Junior, Junior anampa mama yake. Jibu nalo linarudi njia hiyohiyo, "bado, bado, bado." Likinifikia mimi nimeshasogeza tena.

ZUHURA: Na king'amuzi chenyewe kinataka sekunde kadhaa kushika. Ukiongeza na za Junior...

MASHAKA: Junior anakula muwa wakati huo.

ZUHURA: ...unaweza kupita penyewe mara tatu usijue. Unasogeza kiasi cha unene wa ukucha, unasimama, unahesabu mpaka kumi. Unajua enzi za antena hili lilikuwa rahisi? Nyumbani Tanga marehemu baba alikuwa anazungusha mti wa antena, sisi tuko dirishani tunaimba: "Chenga zimepungua! Zimeongezeka! Watu wamekuwa wawiliwawili!" Chenga zilikuwa zinakuelekeza. Unaona unakaribia.

MASHAKA: Kweli, ulikuwa unamwona mtangazaji anatoka kwenye mchanga taratibu.

ZUHURA: Walipozima analojia, Dar tulianza sisi, 31 Desemba 2012, na lugha ya dirishani ikafa. Dijitali haina "inakaribia". Ipo au haipo.

MASHAKA: Imekuja au bado.

ZUHURA: Eeh. Baba angeshuka kwa hasira.

MASHAKA: Mimi nilishuka kwa furaha, ndiyo mbaya zaidi. Nimeuliza, "Imekuja?" Nikasikia sauti nzito, "Imekujaaa!" Nikakaza nati zote nne, nikateleza kwenye bati, kiwiko hiki. Naingia ndani, kioo cha bluu.

ZUHURA: Nani alijibu?

MASHAKA: Kijiwe cha bodaboda nje ya ukuta! Wamenisikiliza saa nzima, wakaamua kunisaidia. Tangu siku hiyo nikipita, "Baba Junior, imekuja?"

ZUHURA: (anacheka) Jamani. Subiri nifute machozi. Mistari ya mawimbi ulikuwa unaiangalia lakini?

MASHAKA: Mama Junior alisema wa nguvu uko 80.

ZUHURA: Na wa ubora?

MASHAKA: Sifuri.

ZUHURA: Hilo la tatu kwenye karatasi. La pili tumeliruka, nitalirudia. Mstari wa nguvu unaweza kusimama hata dishi likiangalia mwembe, maana LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, ikipata umeme inapiga kelele zake yenyewe. Wewe angalia ubora.

MASHAKA: Fundi naye alisema hivyo. Alirudisha dishi kwa dakika kumi, na kile kimashine chake kinacholia. Zikarudi nusu zilezile za Jumatatu. Akaomba karatasi, akaandika zilizopotea, akasema, "Mzee, hizi zote ni za wima."

ZUHURA: Aha. Waelezee.

MASHAKA: Ni hivi. Mawimbi yanakuja ya wima na ya mlalo. King'amuzi kikitaka wima kinapeleka volti 13 juu kwenye LNB, kikitaka mlalo kinapeleka 18. Fundi akaniuliza, "Hili dishi mko wangapi?" Nikamwonyesha chumba cha uani.

ZUHURA: Mpangaji!

MASHAKA: Ana king'amuzi chake, analipia mwenyewe. Mwaka jana fundi mwingine aliweka spilita, waya mmoja ukazaa wawili. Sasa yeye akiweka chaneli ya mlalo, 18 yake inameza 13 yangu. Fundi akagonga mlango, akamwomba azime. Taarifa ya habari hiyo!

ZUHURA: Kwa hiyo unachoangalia wewe anakichagua mpangaji.

MASHAKA: Na yeye ni mtu wa tamthilia! Dawa yake ni LNB ya matundu mawili, kila mtu na waya wake. Nimemwambia anunue.

ZUHURA: Yeye anunue?

MASHAKA: Dishi ni langu. Nimelitoa Tandika kabla ya nyumba kuwa na madirisha.

ZUHURA: Spilita nani aliruhusu?

MASHAKA: Niliruhusu kwa wema.

ZUHURA: Ulipompangisha ulimwambia kuna dishi. Kodi yake imo dishi, kama ilivyo choo.

MASHAKA: Choo hakina volti, Zuhura. Tukiingia wawili hakuna anayemmeza mwenzake.

ZUHURA: Choo chako kikiziba unamwambia mpangaji anunue bomba?

MASHAKA: Kikiziba kwa ajili yake, ndiyo.

ZUHURA: Hajaharibu kitu! Anaangalia tivii chumbani kwake.

MASHAKA: Basi nachomoa waya wake, tuone.

ZUHURA: Chomoa. Na kodi ishushe.

MASHAKA: Sishushi.

ZUHURA: Haya.

MASHAKA: Haya.

(Kimya.)

ZUHURA: Umenuna?

MASHAKA: Sijanuna. Hununui wewe, hanunui yeye, nanunua mimi tu kila siku.

ZUHURA: Mimi sijabadilika. Ni ya mwenye nyumba.

MASHAKA: Na mimi sijabadilika.

ZUHURA: Dakika zimebaki mbili, karatasi yangu imebaki nyeupe. La pili upesi: fungua konekta nyuma ya LNB, shaba ikiwa imeota kijani, maji yameingia, kata kipande hicho ufunge upya. La nne ni...

MASHAKA: Simu yangu hiyo, samahani. Mama Junior.

ZUHURA: Anasemaje?

MASHAKA: "Mpangaji karudi."