Kiti Hakipigi Hatua

Viongozi wenzangu wa vikundi vya maigizo ya ridhaa, asanteni kwa kunialika tena. Wanaonifahamu wanajua wimbo wangu ni mmoja, kwa hiyo utangulizi nauruka. Kila tunapokutana nasikia kwamba vijana wa siku hizi hawaaminiki. Mimi nasema kijana anayekosa mazoezi hajui anachokiharibu, na hajui kwa sababu sisi wenyewe tunamficha.

Tunamfichaje? Asipokuja, tunaziba pengo. Msaidizi wa mwongozaji anashika mswada, anasoma maneno ya asiyekuwepo kama anayesoma tangazo la msiba, mazoezi yanaendelea. Wiki inayofuata bwana mkubwa anaingia, tunampokea kwa shangwe kwa sababu ana kipaji. Kipaji! Nikisikia mwongozaji anaanza na neno hilo, najua kuna mtu hajaja.

Niwape kisa changu kile kile, na mliokwisha kukisikia mnivumilie. Tulikuwa na onyesho la watu wawili, mama na mwanawe aliyepotea miaka mingi. Binti aliyeigiza mama hakukosa hata siku moja. Mwana, ambaye ndiye kipaji chetu, kila siku alikuwa na udhuru. Basi tukamwekea binti kiti pale mwenzake alipotakiwa kusimama. Akakililia kiti. Akakikaripia kiti. Akajifunza kukizunguka na sinia la vikombe mkononi bila kutazama chini.

Usiku wa kwanza kijana akaja, na maneno kayahifadhi yote, sikatai. Lakini kiti hakipigi hatua, yeye anapiga. Aliposema "Mama, nimerudi" akasogea mbele, maana alikuwa anaigiza kwa hisia, na binti akageuka kwa njia yake aliyoizoea. Sinia likamgonga kijana kifuani, vikombe chini, ukumbi mzima kicheko, tena pale pale palipotakiwa machozi.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu huwa wanaanza kuangalia simu. Kijana akainama, akaokota vikombe, akabuni maneno mawili matatu ya kuchekesha, akapigiwa makofi. Binti akakwama. Maneno yote yakamtoka, mpaka mnong'onezi nyuma ya pazia akamrudisha mstarini. Onyesho lilipokwisha, watu walimsifu nani? Yule yule mtoro. Na mmoja akaniuliza kwa huruma kabisa: "Yule dada ni mgeni kwenye kikundi, siyo?"

Hiyo ndiyo hesabu yenyewe. Deni la asiyekuja hulilipa aliyekuja, tena mbele za watu.

Siku hizi kwetu, aliyekosa bila taarifa akirudi hapandi jukwaani siku hiyo. Anakaa mbele, anamtazama mwenzake akihangaika na kiti. Simgombezi wala simhubirii. Wengi hawamalizi kulitazama zoezi hilo wakiwa wamekaa kwa raha. Wapo wanaosusa na kuondoka moja kwa moja, nami nawatakia heri. Ni nafuu aondoke mapema kuliko wiki ya onyesho.

Najua mtaniambia: "Lakini hawa hawalipwi." Ni kweli. Na binti je, alikuwa analipwa? Kama suala ni malipo, basi wote wawili wangekaa nyumbani. Stanislavski, yule mwongozaji na mwalimu wa uigizaji wa Urusi, naye alianzia kwenye vikundi vya ridhaa, miaka mingi kabla ya kushiriki kuanzisha jumba la maigizo la Moscow Art Theatre mwaka 1898, na kwa wanaochelewa hakuwa na mzaha. Katika kitabu chake cha mafunzo ya uigizaji kuna mwanafunzi anayepitiwa na usingizi, anachelewa, na msaidizi wa mwongozaji anayavunja mazoezi ya siku nzima. Waongozaji wengi wanakipenda kisa hicho. Mimi hapo naachana na mzee. Ukivunja mazoezi, umewaadhibu waliowahi. Deni lile lile, mlipaji yule yule!

Naona natazamwa kwa jicho la saa. Haya, mengine mbio mbio.

Ratiba. Mnawaita watu wote saa tisa, halafu mwenye mistari miwili anasubiri ukutani mpaka saa kumi na mbili aje aseme "Karibu, bwana," kisha mnamwambia hata hiyo tutaifanya kesho. Huyo akitoroka mimi simlaumu, ningetoroka naye. Iteni wanaohusika na sehemu ya mchezo inayofanyiwa mazoezi siku hiyo, na muwaache waende mkimaliza.

Mitihani. Kijana hakushtukizwa na mtihani, ratiba anayo. Iombeni kabla hamjapanga tarehe ya onyesho, siyo baada ya kubandika matangazo. Na mfundisheni kusema "siwezi" siku ya kwanza. Tuna tabia ya kumnunia anayekataa nafasi, halafu tunashangaa kila mtu anajibu "nitajitahidi."

Waigizaji wa akiba, nilitaka niwaeleze kwa kirefu, ila nitasema moja tu: mwigizaji wa akiba ambaye hajawahi kupewa mazoezi kamili ni jina kwenye karatasi. La wazazi naliacha, lina mhadhara wake.

Maswali. Na waliochelewa kuingia, naomba waulize wa mwisho.