Alama za kati, jina la Kiyahudi: kijana wa nyumba ninayofanyia kazi alivyochagua chuo

Asalaam aleikum. Shikamooni wakubwa zangu, wadogo zangu hamjambo. Niko hapa Silver Spring, Maryland, nimetoka zamu sasa hivi, nazungumza nanyi nikiwa ndani ya gari kwa sababu nyumbani watoto wana kelele. Leo nina jambo limenikaa rohoni tangu baridi ilipoanza.

Kila nikisema kwamba namtunza mzee wa Kiyahudi, lazima mtu aniandikie: "Dada, hao watoto wao wote wana akili, wote wanaenda Harvard." Jamani, si kweli. Na neno hilo linaumiza, hata kama anayelisema anadhani anasifu. Mzee wangu ana miaka themanini na kitu, na mjukuu wake yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Mtoto mwema, ana adabu, ukimgusa kwenye historia hamalizi kuongea, lakini hesabu inampiga chenga. GPA yake, yaani wastani wa alama za shule, ni 2.9, na juu kabisa ni 4. SAT, ule mtihani wa kuombea chuo, kapata 1080 katika 1600. Huyo ni mwanafunzi wa kati, kama walivyo wengi duniani. Familia imeniruhusu nieleze, majina sitataja.

Sasa mtoto wa namna hii anabeba mizigo miwili. Wa kwanza ni alama zenyewe. Wa pili ni watu wanaomwangalia na kujiuliza, Myahudi gani huyu hana A? Nimemuona akikaa kimya mezani wakati jamaa zake wanatajiana nani kaingia wapi. Ndiyo maana nimeamua kulizungumza hili, maana najua na kwenu wapo watoto wanaotajiwa binamu aliyeenda Mlimani mpaka wanatamani wasikae sebuleni.

Mzee ndiye aliyenifumbua macho kuhusu haya majina makubwa. Miaka ya 1920 rais wa Harvard, Lawrence Lowell, aliona Wayahudi wamekuwa wengi mno chuoni, kama mmoja katika kila wanafunzi watano, na mwaka 1922 akataka wawekewe kiwango. Vyuo kadhaa vikubwa vikaanza kudai picha ya mwombaji, kuuliza wazazi wametoka wapi, kupima "tabia". Waliokuwa na alama za juu kabisa walirudishwa mlangoni. Wengi wakaishia City College ya New York, chuo cha umma ambacho hakikutoza ada mpaka mwaka 1976. Jonas Salk, aliyetengeneza ile chanjo ya polio ya sindano, alimaliza hapo mwaka 1934. Kwa hiyo mzee akisikia mtu anasema chuo kisichokuwa na jina ni aibu, anapiga meza. Yeye mwenyewe ni wa City College.

Haya, tuje kwa kijana. Marekani ina vyuo karibu 4,000, na vilivyo vingi vinapokea zaidi ya nusu ya wanaoomba. Hivi vinavyokataa watu tisa katika kumi ni vichache sana, ila ndivyo vinavyotajwa. Kwa hiyo mtoto wa alama za kati hana shida ya kukosa chuo. Shida yake ni kwamba vinampokea vingi na hajui akae wapi. Hapo ndipo nilipowapenda hawa watu. Swali lao la kwanza kwa kila chuo lilikuwa: Ijumaa jioni ikoje?

Ngoja nieleze, maana mtu asiyeishi nao hawezi kuelewa uzito wake. Kwenye jiko lao kuna droo mbili za vijiko, moja ya nyama, moja ya maziwa, maana kosha, sheria yao ya chakula, hairuhusu kuvichanganya, na siku yangu ya kwanza kazini nilioneshwa hizo kabla ya kuoneshwa dawa za mzee. Ijumaa kabla jua halijazama mama mwenye nyumba anawasha mishumaa, chakula kimeshapikwa kinakaa juu ya sahani ya umeme ya kupashia moto, na kuanzia hapo mpaka Jumamosi usiku ni Sabato, siku yao ya mapumziko, hakuna anayebonyeza swichi wala kugusa simu. Taa ya ukumbini inaachwa inawaka. Si Wayahudi wote wanaishi hivi. Wako wengi hapa ambao hawashiki Sabato kabisa na wanakula chochote. Lakini familia hii inashika, na kijana mwenyewe anataka kuendelea nayo.

Sasa mpeleke huyo mtoto kwenye bweni ambalo mlango unafunguka kwa kadi ya umeme. Jumamosi anaingiaje? Mama yake alipiga simu kila chuo kuuliza hilo. Vingine walijibu papo hapo kwamba wanatoa ufunguo wa kawaida kwa wanaoshika Sabato. Kimoja hawakuelewa hata anauliza nini, wakamrusha ofisi hadi ofisi, akakifuta. Halafu chakula. Vyuo vingi hapa vinamlazimisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kukaa bwenini na kulipia chakula cha bwalo muhula mzima. Kama bwalo halina kosha, umelipa maelfu ya dola na mtoto anakula matunda na mkate. Na akikaa na njaa, akawa mpweke, ile B yake inashuka kuwa D kabla ya Desemba. Hicho ndicho watu hawakioni. Mtoto wa alama za juu sana anaweza kuvumilia mahali pabaya akafaulu. Wa kati anahitaji mahali panapomshika mkono.

Kuna kalenda pia. Mwaka huu wa 2026 Rosh Hashana, mwaka mpya wao, inaanza Ijumaa jioni tarehe 11 Septemba. Masomo yameanza mwishoni mwa Agosti, yaani mtoto hajajua hata madarasa yako wapi. Siku tisa baadaye, Jumapili jioni, inaingia Yom Kippur, siku ya kufunga kama saa ishirini na tano, hakuna chakula wala maji. Mhadhiri akiweka jaribio Jumatatu ile, je, chuo kina utaratibu ulioandikwa, au mtoto wa miaka kumi na minane aende mwenyewe kuomba huruma? Waliuliza hilo, na walitaka waoneshwe maandishi.

Ndugu zangu Waislamu mnaonisikiliza kutoka Tanga, Mombasa, Unguja, mnaona? Toa Ijumaa jioni weka Ijumaa mchana, toa kosha weka halali, weka Ramadhani na mitihani. Maswali ni yaleyale. Dartmouth kule New Hampshire na Mount Holyoke ya Massachusetts walifungua majiko ya kosha na halali pamoja tangu mwaka 2001. Na kwa faida ya wanaodhani Wayahudi ni wazungu tu: nenda Mbale, Uganda, utawakuta Abayudaya. Jamii yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, na rabi wao, yaani kiongozi wao wa dini, Gershom Sizomu alisomea kazi hiyo Los Angeles, akahitimu mwaka 2008.

Turudi. Karibu kila chuo chenye Wayahudi wa kutosha kina nyumba ya Hillel, shirika la wanafunzi lililoanza mwaka 1923 Chuo Kikuu cha Illinois. Vingi vina na Chabad pia, shirika la kidini la Kiyahudi, ambapo rabi na mkewe wanahamia karibu na chuo, wanafungua nyumba yao, na Ijumaa yeyote anaingia anakula bure. Kijana wetu kila alipotembelea chuo alikaa hadi Ijumaa usiku akala na wanafunzi wenyewe. Akirudi hatuambii habari za maktaba. Anatuambia nani alimkaribisha kwenye kiti, na nani alimuuliza jina mara moja kisha akalikumbuka.

Na usalama walilizungumza, tena sana. Tangu Oktoba 2023 na vita ya Gaza, vyuo vingi hapa vilichemka. Tarehe 5 Desemba mwaka ule marais wa Harvard, Pennsylvania na MIT walihojiwa bungeni kuhusu chuki dhidi ya Wayahudi, na wawili kati ya hao watatu walikuwa wameachia kiti ndani ya mwezi mmoja. Mama alikuwa na hofu, na hofu ya mama haipuuzwi. Vijana wa Kiyahudi wenyewe hawana kauli moja juu ya vita hivyo, nimewasikia wakibishana mezani hadi chakula kikapoa. Ila mtoto kutukanwa au kuzibiwa njia ya darasani kwa sababu ya kofia yake ya Kiyahudi, hilo halina mjadala. Familia haikutegemea vipande vya video mtandaoni. Waliwauliza wanafunzi waliopo: lilipotokea jambo, uongozi ulifanya nini, na ulichukua siku ngapi?

Sasa vyuo. Chuo Kikuu cha Maryland kule College Park ni karibu na nyumbani, kina maelfu ya Wayahudi na kila kitu. Lakini siku hizi wanaoingia moja kwa moja wana alama za juu sana, na mshauri wake wa shule alimwambia ukweli huo bila kumzungusha. Yeshiva University ya New York, chuo cha Kiyahudi, aliiwaza, ila anataka kuishi na watu wa kila aina. Brandeis, iliyoanzishwa na Wayahudi mwaka 1948, ilikuwa juu ya uwezo wake wa alama. Wakaangalia College of Charleston, South Carolina, ambako mwaka 2016 walifungua bwalo la kosha lisilopika nyama kabisa, mji wenye sinagogi iliyoanza mwaka 1749. Aliupenda, ila ni mbali na babu yake. Vikabaki viwili: Muhlenberg ya Allentown, Pennsylvania, na Towson, hapa kaskazini mwa Baltimore.

Muhlenberg ni chuo cha asili ya Kilutheri, mtashangaa, lakini Wayahudi ni wengi na jiko la kosha liko ndani ya bwalo. Chuo kidogo, mhadhiri anakujua. Bei iliyoandikwa, pamoja na bweni na chakula, inapita dola 70,000 kwa mwaka. Hapa wazazi wangu nisikilizeni vizuri, msiogope bei iliyoandikwa. Vyuo binafsi vya namna hii vinatoa punguzo kubwa hata kwa mwanafunzi wa B, kwa sababu vinamhitaji. Sheria tangu mwaka 2011 inakilazimisha kila chuo kinachopokea fedha za serikali za wanafunzi kiweke kwenye tovuti yake kikokotoo cha gharama halisi. Unaingiza kipato chako, kinakupa makadirio. Unajaza na FAFSA mapema, fomu ya serikali ya kuombea msaada wa fedha za masomo. Kijana alipewa punguzo zuri, na bado kilichobaki kiliipita gharama yote ya Towson kwa maelfu ya dola.

Towson ni chuo cha umma, kilianza mwaka 1866 kama chuo cha ualimu, na mpaka leo kinatoa walimu wengi. Ada ya mkazi wa Maryland inazunguka dola 12,000 kwa mwaka kabla ya bweni na chakula. Kuna Hillel, na kwa gari si mbali na Pikesville, mtaa wenye sinagogi na maduka ya kosha kila kona. Babu anafikiwa ndani ya saa moja hivi.

Njia ya tatu mimi ndiye niliyoipigia debe, kwa sababu nimeona watoto wa Kiafrika wengi hapa wakipita humo: Montgomery College, chuo cha jamii cha miaka miwili. Mkazi wa kaunti analipa chini ya dola 7,000 kwa mwaka, analala kwao, Ijumaa anakula kwao, na upo mpango maalumu wa kuhamia College Park akiwa na alama nzuri. Cheti cha mwisho kinaandikwa College Park. Baba yake aliipenda sana hiyo. Kijana akasema hapana, anataka kuondoka nyumbani, na alisema kwa heshima na kwa sababu zinazoeleweka. Wakamsikiliza. Hilo nalo nililiheshimu.

Kachagua Towson. Anataka kuwa mwalimu wa historia wa sekondari. Amana imelipwa kabla ya Mei mosi, ambayo ndiyo siku ya mwisho kwa vyuo vingi. Mama yake tayari ameshamwandikia mtu wa bwenini kuhusu ufunguo na kuhusu tarehe 11 Septemba.

Kama una mtoto wa mwaka wa tatu sekondari hapa Marekani, fanya safari za vyuo muhula ukiwa unaendelea, Oktoba au Machi, usiende Julai wakati pametulia na hakuna wanafunzi. Nenda siku ile ambayo dini yako au desturi yako inakudai jambo, uone kama linawezekana pale. Mwache mtoto ale bwaloni bila wewe. Na walioko nyumbani wanaotaka kuomba kutokea Tanzania au Kenya, mambo yenu ya viza na fedha ni tofauti, siyachanganyi na haya. Wiki ijayo nitafungua kikokotoo cha chuo kimoja mbele yenu, tujaze pamoja mstari kwa mstari. Niandikieni mnataka tuanze na chuo gani.