Diski Mpya Inaposema Imejaa

Ndugu wasikilizaji, karibuni. Tuanze na hali inayowasumbua watu wengi. Diski ni mpya, ya terabaiti 2, haina kitu ndani. Unapakua faili la gigabaiti 6. Linashuka vizuri mpaka linafika gigabaiti 4, kisha kazi inakatika na ujumbe unatokea: nafasi haitoshi. Ukitazama diski, gigabaiti zaidi ya 1,800 ziko wazi. Hapo ndipo mtu anapoanza kufuta picha zake, au anapakua upya mara tatu na kumaliza kifurushi chake cha intaneti bure.

Kwanza tuelewane kuhusu ujumbe wenyewe. Diski haijui habari za mafaili. Yenyewe inajua sekta tu, vipande vya baiti 512 au 4,096 vyenye namba. Anayekubali au kukataa kuandika ni mfumo wa faili, yaani utaratibu wa kupanga mafaili uliowekwa juu ya diski wakati wa kuifomati, na jibu lake hupitia mfumo endeshi hadi kwenye programu inayopakua. Programu ikipokea namba ya kosa, huigeuza kuwa sentensi. Kwa hiyo ukisoma "nafasi haitoshi", usikimbilie kuhesabu gigabaiti. Uliza maswali mawili: faili hili linaandikwa wapi hasa, na mahali hapo panakubali nini?

Katika mfano wetu, kosa ni FAT32, mfumo wa faili wa zamani. Flashi nyingi na baadhi ya diski za nje huja zikiwa zimefomatiwa hivyo, kwa sababu karibu kila kifaa huusoma mfumo huo, kuanzia runinga hadi redio ya gari. Lakini FAT32 huandika ukubwa wa kila faili katika nafasi ya biti 32. Namba kubwa kuliko zote inayoenea humo ni 4,294,967,295, na hizo ndizo baiti za mwisho ambazo faili moja linaweza kuwa nazo. Hata diski iwe kubwa namna gani, faili moja halivuki hapo.

Kinachopoteza watu zaidi ni jinsi kosa linavyotangazwa. Linux ni mkweli hapa: ina kosa namba 27, faili ni kubwa mno, na kosa namba 28, kifaa hakina nafasi, na kwenye FAT32 hukupa 27. Kwenye Windows, programu ikijaribu kuandika baiti moja zaidi ya mpaka, sehemu ya mfumo inayoshughulikia FAT hurudisha jibu lile lile la diski iliyojaa. Ukinakili faili kwa kidirisha cha kawaida cha Windows utaambiwa wazi kwamba faili ni kubwa mno kwa mfumo wa faili wa huko linakokwenda. Programu ya kupakua haina habari hizo, inakwambia ilichoambiwa. Baadhi yake hutenga nafasi yote kabla ya kuanza, hivyo hushindwa sekunde ya kwanza. Nyingine huandika kidogo kidogo na kufa zikifika mpakani. Ugonjwa ni mmoja.

Kuhakikisha ni kazi ya dakika moja. Kwenye Windows, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya diski, chagua Properties, na usome mstari wa mfumo wa faili. Kwenye Linux, andika lsblk -f. Kwenye Mac, fungua Disk Utility.

Ikiwa ni FAT32 na diski bado haina kitu, ifomati upya tu, kwa njia ya haraka. Njia kamili ya Windows huandika sifuri kwenye diski nzima. Kwa terabaiti 2 na mwendo wa megabaiti 120 kwa sekunde, hiyo ni karibu saa 5. Ikiwa tayari ina vitu vyako, Windows ina amri inayogeuza FAT32 kuwa NTFS, mfumo wa faili wa Windows yenyewe, bila kufuta: convert E: /fs:ntfs, ukiweka herufi ya diski yako badala ya E. Chukua nakala rudufu kwanza, maana umeme ukikatika katikati hakuna wa kumlaumu. Amri hii haigeuzi exFAT, ndugu mpya wa FAT32 asiye na mpaka ule wa gigabaiti 4, wala hakuna amri ya kurudi nyuma.

Unapofomati, uchague mfumo upi? Diski itakayobaki kwenye Windows, NTFS. Itakayotembea kati ya Windows na Mac, exFAT, kwa sababu Mac husoma NTFS lakini kwa kawaida haiandiki humo. Ila exFAT haina shajara ya mabadiliko, yaani kumbukumbu ya kinachoandikwa inayosaidia kurekebisha kazi ikikatika, hivyo ukichomoa waya wakati inaandika, hatari ya kuharibika ni kubwa zaidi. Itoe kwa utaratibu kila mara.

Sasa tuje kwenye swali la wapi, maana hapa ndipo wanaposhindwa hata wenye diski ya NTFS. Umechagua diski mpya kuwa mahali pa kuhifadhi, lakini faili linapita kwanza kwenye diski ya zamani. Baadhi ya programu hupakua kwenye folda ya muda iliyo kwenye C, diski yenye Windows yenyewe, kisha huhamisha likishakamilika. Programu za torenti zina mpangilio wa pekee wa folda ya mafaili yasiyokamilika, na kubadilisha folda ya mwisho hakugusi ile. Ukiburuta faili kwa kipanya kutoka kwenye dirisha la 7-Zip, programu ya kubana na kufungua mafaili, laweza kufunguliwa kwanza kwenye folda ya muda ndipo likahamishwa. Ukitumia kitufe cha kufungua na kuchagua mahali, huandikwa moja kwa moja. Na msisahau kwamba faili lililobanwa la gigabaiti 40 linalofunguka kuwa 60 linahitaji gigabaiti 100 kwa wakati mmoja, mpaka ulifute lile la kwanza.

Kipimo chake ni rahisi. Andika nafasi iliyo wazi ya diski zote mbili, anza kupakua, subiri gigabaiti moja au mbili zishuke, kisha tazama tena. Inayopungua ndiyo inayoandikwa. Kipimo hiki naomba mkifanye kabla ya kubadilisha mpangilio wowote. Ikipungua C, tafuta folda ya muda ndani ya mipangilio ya programu yenyewe. Unaweza pia kuhamisha TEMP na TMP, mipangilio ya Windows inayosema folda ya muda iko wapi, lakini fanya hivyo kwa diski ya ndani tu. Ukizielekeza kwenye diski ya nje, siku utakayoichomoa programu nyingi zitagoma.

Kwenye Linux mtego huu una sura nyingine. Ukishasema mafaili yaende /mnt/diski, na diski haijapachikwa, yaani haijaunganishwa na folda hiyo, folda bado ipo, ni folda ya kawaida kwenye diski ya mfumo. Kila kitu kinaandikwa humo mpaka mfumo unajaa. Ukipachika diski baadaye, mafaili yale yanafichwa chini yake na huoni kilichokula nafasi. Andika findmnt /mnt/diski. Isiporudisha kitu, hakuna diski pale. Kinga yake ni hii: diski ikiwa haijapachikwa, toa sudo chattr +i /mnt/diski. Kuanzia hapo, kuandika kwenye folda tupu kunakataliwa papo hapo.

Kuna swali kutoka nyuma: kwa nini diski ya terabaiti 1 inaonyesha gigabaiti 931? Hakuna kilichoibiwa. Mtengenezaji anahesabu baiti 1,000,000,000,000. Windows inazigawa kwa 1,024 mara tatu.

Lakini diski ya terabaiti 4 ikionyesha takriban terabaiti 2 tu, hilo ni jambo jingine. MBR, jedwali la zamani linaloeleza diski imegawanywaje, huhesabu sekta kwa biti 32, na kwa sekta za baiti 512 mwisho wake ni baiti 2,199,023,255,552. Fungua Disk Management, utaona kipande kikubwa kisichogawiwa. Dawa ni jedwali jipya zaidi, GPT, na kwa zana za Windows diski isiyo ya mfumo lazima ifutwe sehemu zake zote kwanza.

Mafaili madogo nayo hujaza diski kimyakimya. Windows ikifomati exFAT kwenye diski kubwa, kila fungu, kipande kidogo kabisa ambacho faili linaweza kupewa, huwa kilobaiti 128, na faili la kilobaiti 1 hulichukua fungu zima. Mafaili 100,000 ya namna hiyo hula gigabaiti 13. Kwenye ext4, mfumo wa faili wa Linux, tazama pia kwa amri ya df -i, kwa kuwa inodi, yaani nafasi za kuandikisha mafaili, zinaweza kuisha wakati baiti zipo. Mfumo huo hutengea msimamizi asilimia 5 ya nafasi. Kwenye diski ya kuhifadhia tu, tune2fs -m 1 inarudisha sehemu kubwa. Na ulichofuta kwenye diski ya nje bado kimo kwenye pipa la taka la diski hiyo hiyo, folda iliyofichwa, mpaka ulimwage.

Likibaki jambo moja, ni diski bandia. Kidhibiti chake, yaani chipu inayoiendesha, kimechezewa kitangaze terabaiti 2 huku ndani mna gigabaiti 64, na data inayozidi hupotea au huandikwa juu ya ile ya awali. Dalili si ujumbe wa nafasi tu, ni mafaili yanayoonekana yapo lakini hayafunguki. Kwenye Linux na Mac tumia f3write, kisha f3read. Kwenye Windows tumia H2testw. Zote hujaza nafasi iliyo wazi kwa data inayojulikana na kuisoma tena, hivyo huchukua saa nyingi. Fanya hivyo siku unayoinunua, kabla hujaweka chochote, na muda wa kuirudisha ukiwa bado upo.