Lexus CT200h ya Mtumba Mwanza: Usiogope Betri, Kagua Haya Kwanza

Haya wana Mwanza, mambo vipi? Nipo yadi huku Japani, na hii nyuma yangu ni Lexus CT200h, gari la haibridi, yaani injini ya petroli inayosaidiana na mota ya umeme. Meseji zenu karibu zote zinauliza swali moja: betri ikifa si ndiyo basi? Tulieni. Injini ni 2ZR-FXE ya lita 1.8, ileile ya Prius ya kizazi cha tatu, na betri kubwa ni ya nikeli, moduli 28, volti 201.6. Fundi aliyezoea Prius hatapotea humu. Kinachowaumiza watu ni vitu vidogo visivyokaguliwa.

Sogea na kamera. Injini ikiwa baridi, hiki kitanki kidogo ni cha maji ya kupoza inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kubwa uendeshe mota, hakihusiani na rejeta ya injini. Washa mpaka neno READY litokee kwenye dashibodi, fungua kifuniko, tazama juu ya maji. Yakitikisika, pampu inasukuma. Yakitulia tuli, achana na gari au omba punguzo, kwa sababu kwenye foleni ya Buzuruga jua la mchana inveta itachemka na gari litakata nguvu. Pampu inabadilika kirahisi. Inveta ndiyo itakayokuliza.

Pili ni EGR, mfumo unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, na hapa nakaza kweli. Masizi yanaziba kipoza moshi chake na njia za manifodi ya kuingiza hewa, moto ndani ya silinda unapanda, na mafundi wengi wanaona ndicho kinachochoma gasketi ya hedi. Dalili huonekana asubuhi: gari linatetemeka sekunde chache likiwaka, kisha linatulia. Ukikuta muuzaji ameshaliwasha kabla hujafika, rudi kesho ulikute baridi. Kiwango cha kulanti, maji ya kupoza injini, kikishuka bila kuvuja popote, hiyo ni gasketi. Ukinunua gari lililovuka kilomita laki moja, safisha EGR mara moja, usingoje taa. Oili ni 0W-20, lita 4.2 pamoja na filta.

Betri kubwa sasa. Inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu pembeni ya kiti cha nyuma. Ukitoka Mwaloni Kirumba na gunia la dagaa ukaliegemeza hapo, umeiziba pua. Vumbi la barabara za mlimani nalo linajaa kwenye feni, kwa hiyo ifunguliwe na ipulizwe. Kabla ya kulipa, chomeka kifaa cha OBD2 cha kusoma hitilafu za gari na usome: msimbo P0A80 ni betri imechoka. Msimbo ukiwa umefutwa jana hutauona, basi tazama volti za vipande 14 vya betri, kila kimoja moduli mbili, gari likipanda mlima wa Bugando. Kipande kimoja kikiporomoka peke yake, hicho ndicho kibovu.

Betri ndogo ya volti 12 ipo kwenye buti. Ikidhoofika, dashibodi inawaka taa kibao na mtu anauziwa betri kubwa bure. Pima kwanza: gari likiwa limezimwa, 12.6 ni nzuri. Ukibadilisha, weka yenye bomba la kutolea gesi nje, maana iko ndani ya gari.

Kwenye karatasi ya ukaguzi ya mnada wa huku Japani, herufi S ni kutu, XX ni paneli iliyobadilishwa, daraja R ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Magari ya Hokkaido nayaangalia kwa makini chini ya uvungu, chumvi ya barabara za theluji hailambi, inatafuna. CT ilitengenezwa hadi 2022, na TRA huongeza ushuru gari likizeeka, kwa hiyo pitia kikokotoo chao kabla ya kutuma hela.

Rimu chukua 16, si 17. Gari liko chini, na mawe ya Isamilo hayana adabu. Na mwambie fundi wako: waya wa rangi ya chungwa, wenye umeme mkubwa, haushikwi mpaka plagi ya usalama kule buti ichomolewe, glavu za umeme zikiwa mkononi, na dakika 10 zipite.