Jioni ya Kuamkia: Kwa Walimu wa Kiswahili Mnaokwenda Marekani

Mwenyekiti, ahsante. Walimu wenzangu, na ninyi vijana mnaosafiri Agosti kwenda kufundisha Kiswahili, habari za asubuhi.

Kwenye ratiba nimeandikiwa "Mbinu za kufundisha ngeli kwa wageni". Nitafika huko. Walionisikia mwaka juzi wanatabasamu, maana wanajua sifiki. Lakini kila mwaka, Septemba au Oktoba, napata ujumbe wa kijana aliyekaa kwenye viti hivi hivi. Yuko huko tayari, silabasi ameshaigawa, ananiuliza, "Mwalimu, leo nusu ya darasa halikuja, nimewaudhi nini?" Namuuliza ni tarehe ngapi. Akishanitajia, basi. Kuhusu ngeli hajaniuliza hata mmoja.

Kwa hiyo toeni simu. Ndiyo, nimesema toeni, tumieni ruhusa hiyo kabla sijabadili mawazo. Fungueni kalenda, nendeni Septemba. Mwaka huu wa 2026 Yom Kippur, siku kuu ya Wayahudi ya kufunga na kutubu, ni Jumatatu tarehe 21. Ni ile Siku ya Upatanisho ya Walawi 16, kwa mliosoma Biblia, sina haja ya kuieleza upya. Wekeni alama. Mmeweka? Sasa wekeni alama nyingine Jumapili tarehe 20, kuanzia alasiri. Hiyo ya pili ndiyo iliyonitoa nyumbani leo.

Mwaka 2015 nilikuwa nafundisha mwaka wa pili, chuo kimoja cha New York, Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni mpaka saa moja kasoro dakika tano. Jaribio la kwanza la muhula nilikuwa nimelipanga Alhamisi tarehe 24 Septemba. Mwezi ukaandama, ikajulikana Alhamisi hiyo ndiyo Idi ya kuchinja. Ni mwaka ule ule ambao shule za serikali za jiji la New York zilifungwa kwa Idi kwa mara ya kwanza, na sisi Waislamu wa pale tulikuwa tunatembea vifua mbele. Nikasema mimi siku ya Idi sifundishi ng'o. Nikafuta kipindi, jaribio nikalirudisha nyuma hadi Jumanne tarehe 22.

Na msinione mzembe, kalenda niliitazama! Ilikuwa imeandikwa wazi: Yom Kippur, Jumatano tarehe 23. Jumatano sina darasa. Nikajiona mjanja, mwanamke anayeheshimu dini zote.

Jumatatu napokea barua pepe ya mwanafunzi wangu mmoja. Kijana mpole, anasomea wanyama, ndoto yake kwenda Kigoma kuwaona sokwe wa Gombe. Ameandika kwa Kiswahili, herufi kwa herufi: "Mwalimu, kama nimekukosea mwaka huu, tafadhali nisamehe." Hakuna kingine. Mimi moyo ukanipiga paa. Nikajiambia, huyu ameiba jaribio. Mnacheka, lakini mwalimu gani hapa angewaza vingine? Mwanafunzi hamwombi mwalimu radhi bure bure, siku moja kabla ya jaribio!

Jumanne jioni akaja. Suti nyeusi, shati jeupe limepigwa pasi, na miguuni raba za turubai, zile za kuchezea mpira. Nikamtazama juu mpaka chini. Kwetu Pangani mtu akivaa kanzu ya Idi na kandambili za chooni, shangazi zake watamsema mpaka Idi nyingine. Viti viwili vitupu. Kijana akakaa, akatoa kwenye begi bagel, ule mkate wa duara wenye tundu katikati, na chupa kubwa ya maji, akaviweka mezani. Nikamwendea. Nikamwambia, kwa sauti ya kusikika na wote, "Mtihani hauliwi. Rudisha kwenye begi."

Akarudisha. Hakusema neno.

Ilipofika saa kumi na mbili na robo akasimama, akaniwekea karatasi mezani, akasema "samahani, mwalimu", akatoka mbio. Naitazama karatasi: kafanya M-WA na KI-VI, zilizobaki nyeupe pe. Nikasema, bila shaka, aliyoyaiba hayakutokea. Nikamwandikia 40 kwa kalamu nyekundu, na nukta nikaikandamiza.

Kesho yake, Jumatano, nimefunga Arafa. Jengo limepoa kama kijiji siku ya gulio la jirani. Katibu wa idara ananiletea kahawa. Namwambia ahsante, leo nimefunga. "Hata maji?" Hata maji. Akaweka mkono kifuani, akaniomba radhi, akasema hakujua kama mimi ni Myahudi. Sikuwa na nguvu za kumweleza. Nikaitikia tu.

Ijumaa nikarudi na visheti vya Idi. Nikampelekea mwalimu wa hisabati, mama mtu mzima, ofisi zetu ukuta kwa ukuta, Myahudi. Tunakula, namsimulia habari za mwizi wangu mwenye suti na raba. Akaacha kutafuna. Akaniuliza, "Hiyo ilikuwa Jumanne saa ngapi?"

Basi akanieleza, na mimi nawaeleza ninyi. Siku ya Wayahudi haianzi alfajiri wala usiku wa manane, inaanza jua likizama. Jumanne ile New York jua lilizama saa moja kasoro dakika nane hivi. Sala ya kuianza siku hiyo, Kol Nidre, huanza kabla jua halijazama. Na kabla ya kwenda kwenye sala hiyo watu hula mlo wa mwisho, kwa sababu baada ya hapo hakuna chakula wala maji mpaka nyota zionekane kesho yake, saa ishirini na tano hivi. Hawaogi, hawajipaki mafuta, hawavai viatu vya ngozi. Ndiyo maana ya zile raba. Na ile bagel ndiyo ilikuwa mlo wake wa mwisho, maana nyumbani kwao asingewahi kukaa mezani. Jaribio langu lilikuwa katikati.

Ndugu zangu, nilimnyima mtu daku. Mimi! Niliyekuwa naamshwa saa tisa usiku na bibi yangu, sufuria ya uji mkononi, anasema anayefunga bila daku anajitesa. Mimi niliyefuta kipindi changu kwa ajili ya Idi yangu.

Na linaloniuma zaidi, nilikuwa sina udhuru. Mmarekani ana udhuru, kwake siku inaanza saa sita usiku kama kompyuta. Sisi je? Bibi yangu akisema "usiku wa Ijumaa" alikuwa na maana ya usiku ambao New York wanauita Alhamisi. Redio yetu mpaka leo inasema "usiku wa kuamkia Jumapili". Ramadhani inaingia magharibi, tarawehe inatangulia funga. Lugha ninayolipwa kuifundisha ilikuwa inajua. Mimi nikasoma kalenda ya dukani kama Mzungu.

Hata ile barua. Baina ya mwaka wao mpya na Yom Kippur kuna siku kumi, na katika siku hizo watu huendeana kuombana radhi. Mishna, kitabu chao cha fikihi ya zamani, katika sehemu iitwayo Yoma, inasema kosa baina ya mtu na Mungu linafutwa na siku hiyo, lakini kosa baina ya mtu na mwenzake halifutwi mpaka umridhishe mwenzako. Sasa niambieni, mwenye kwenda Hija hapa kwetu anafanya nini kabla ya kupanda ndege? Hapiti nyumba kwa nyumba, "nisameheni, niwieni radhi"? Kijana alinitendea adabu ya kwetu, kwa lugha ya kwetu, nikamdhania mwizi.

Na neno lenyewe! Kippur, herufi zake kuu ni k, p, r. Kiarabu ni k, f, r, na kwetu likafika "kafara". Wazee waliomzungusha ng'ombe mjini kabla ya kumchinja walikuwa wanatoa kafara, na mbuzi wa Walawi 16 anayeachiliwa nyikani hayuko mbali naye. Mmoja wenu ataandika tasnifu juu ya hilo, mimi umri umekwenda.

Namwona kaka yule pale nyuma anataka kusema "mwalimu, tukifuata sikukuu za kila dini, tutafundisha lini?" Linaulizwa kila mwaka, wala sikatai kulijibu. Kwanza, sijasema ufunge darasa, nimesema usiweke jaribio. Pili, kalenda yao haihamihami kama yetu. Wanafuata mwezi, lakini katika kila miaka 19 wanaongeza mwezi mmoja mara saba, kwa hiyo Yom Kippur haitoki Septemba na Oktoba. Tatu, haiangukii kamwe Jumanne, Ijumaa wala Jumapili. Wameipanga hivyo wenyewe. Ijumaa na Jumapili ingebanana na Sabato, siku mbili mfululizo hakuna kupika wala kuzika. Jumanne ina sababu yake nyingine, ndefu. Kwa hiyo mwenye vipindi vya Jumanne na Alhamisi anajiona salama nusu, kumbe Jumanne ndiyo jioni ya kuamkia Jumatano! Jumanne ndiyo iliyoniponza mimi.

Mwingine ataniuliza, "Lakini huyo mwanafunzi wangu mbona si mcha Mungu? Siku zote namwona anakula chochote." Swali baya hili. Kwetu hakuna wanaoonekana msikitini Idi hadi Idi? Mwaka 1965 Marekani kulikuwa na mrushaji wa besiboli, Sandy Koufax, wa Los Angeles Dodgers, bora kuliko wote wakati ule. Mchezo wa kwanza wa fainali ukaangukia Yom Kippur, tarehe 6 Oktoba. Hakuwa mtu wa kushinda sinagogi, lakini siku hiyo hakucheza. Timu yake ikafungwa 8 kwa 2. Akarudi mchezo wa pili, akashindwa, akashinda wa tano, akashinda na wa saba, kombe likaenda kwao. Wayahudi wa Marekani mpaka leo wakimtaja wanakaa vizuri kwenye kiti. Mtu aliacha mchezo wa fainali ya taifa zima, jaribio lako la ngeli nani?

Mwenyekiti ananionyesha vidole vitano. Haya, haraka haraka. Sheria ya elimu ya jimbo la New York inamtaka mwalimu ampe mwanafunzi aliyekosa mtihani kwa sababu ya dini nafasi nyingine ya namna ile ile, bila kumtoza ada. Majimbo mengine someni sheria zao. Msidai barua ya rabi. Msiseme "Yom Kippur njema" kana kwamba ni pilau, semeni *gmar hatima tova*, yaani utiwe muhuri mwema. Msipeleke maandazi darasani siku hiyo. Msiulize "hata maji?" Kuhusu sinagogi ya Nairobi, pale jirani na chuo kikuu, na Wayahudi wa Mbale kule Uganda, msinianzishe.

Kijana? Nilimwita ofisini, nikamwomba radhi, jaribio akalifanya upya siku aliyoitaka yeye, akapata 91. Ile karatasi ya kalamu nyekundu ninayo mpaka leo kwenye droo, chini ya chaki. Alinijibu "nimeshakusamehe, mwalimu", akakosea wakati wa kitenzi kwa maana alitaka kusema "nilishakusamehe", kisha akajisahihisha mwenyewe.

Ngeli mtasoma, makala nimewaachia pale mlangoni. Sasa, nani kati yenu ana kipindi Jumatatu asubuhi? Inueni mikono. Wewe, na wewe. Huyo wa Jumatatu saa mbili asubuhi, silabasi yako iko wapi? Ilete hapa mbele tuitazame.