KUFAILI SIO KUFELI JAMANI!! (na kwa nini sijamleta mama)

Haya wapendwa mambo vipi, leo sina intro ndefu. Kuna kitu kimenichosha kwenye comments, kila nikisema "nimefaili" mnaniandikia pole, na mmoja kaandika kabisa "kaka kila video umefaili, utafaulu lini, si urudi tu nyumbani". Sijafeli jamani! Nimefaili! Ni ile file ya Kiingereza, yaani kupeleka fomu zako serikalini, sisi wabongo wa huku Marekani tumeibeba hivyohivyo, Wakenya mnaielewa maana kila ikikaribia Juni 30 mnahangaika kufaili returns, zile fomu za kodi, kwa KRA, mamlaka yenu ya mapato.

Na kabla hujasema najifanya mwalimu wa Kiingereza, nimeichimba hii kwa sababu inanila hela kila mwaka. Asili yake Kilatini, filum, yaani uzi. Wafaransa wakawa na filer, kutunga kwenye uzi, ikaingia Kiingereza kwenye karne ya 15 huko, maana enzi hizo hakuna makabati, karani akipokea karatasi anaitunga kwenye uzi au waya asiipoteze. Kama umewahi kufuatilia jambo lako masjala unalijua lile faili la kijani, karatasi zimetobolewa tundu na kakamba kamepita katikati, basi ni mambo yaleyale. (Tupa ya fundi nayo wanaiita file, ila hiyo ukoo wake mwingine kabisa.)

Sasa nisikilizeni. Ukifaili maana yake karatasi yako imetungwa kwenye uzi, basi. Hakuna aliyesema umekubaliwa.

Mimi niko Columbus, Ohio, hapa kodi ya mapato unafailia serikali kuu, unafailia jimbo, na jiji nalo lina asilimia 2.5 yake kwenye kipato chako. Mwisho Aprili 15. Ukiomba kuongezewa muda unapewa mpaka Oktoba 15, lakini huo ni muda wa kuleta karatasi sio wa kulipa, deni linazaa riba toka Aprili, na yule jamaa niliyemlipa anijazie fomu hakunigusia hilo hata kidogo, nikaja kuambiwa na barua. Hela yangu alichukua siku hiyohiyo lakini.

Halafu refund, ile hela ya kodi inayorudishwa. Sijui nani kawaambia kina binamu kwamba ni serikali inagawa hela, ikifika Februari simu haikai kimya. Ile ni hela YANGU, walinikata zaidi kwenye mshahara wananirudishia, na ikirudi inakuta kodi ya nyumba inaisubiri mlangoni. Silalamiki, nawaelezea tu.

Kubwa sasa, "mbona hujamfailia mama", yaani kumjazia fomu za uhamiaji aje kuishi huku. Hili huwa linaniuma maana linaandikwa na watu wananijua. Mimi nina green card, kibali cha kuishi huku moja kwa moja, na mwenye green card anaweza kumfailia mwenza wake na watoto wake ambao hawajaoa au kuolewa, mzazi hapana mpaka uwe raia. Na kuomba uraia nako ni kufaili, dola 710 ukijaza mtandaoni. Kwa hiyo sijamsahau mama yangu, asante.

Na wewe uliyeandika kwamba dada yako ni raia wa huku, kakufailia mwaka jana, unataka kuuza kiwanja ujiandae na safari, kaka usiuze!! Kaka na dada wa raia wanasubiri zaidi ya miaka kumi. Ile tarehe karatasi yako iliyopokelewa ndo nafasi yako kwenye foleni, na kwa Kiingereza watu wakipangana mmoja nyuma ya mwingine wanaita single file, uzi uleule tena. Umetungwa, sasa subiri, na kiwanja jenga hata banda la kuku.

Hayo ni ya kwangu mimi, kesi yako inaweza kuwa tofauti kabisa, muulize mwanasheria wa uhamiaji, sio mimi wala yule wa TikTok. Comments ziko wazi. Za refund sijibu.